Mguu wa Kipini

Waliomwosha nyanya yangu walimvua kipini chake, wakakifunga kwenye pindo la leso na kumpa mama. Hitima ilipopita mama aliniita chumbani kwa nyanya, akalifungua lile fundo na kunitilia kipini kiganjani. "Katika wajukuu wote ni wewe peke yako uliyetoga pua," aliniambia. "Chukua, ni chako." Nilivua changu palepale nijaribu cha nyanya. Hakikupita. Nikakisukuma mpaka damu ikachirizika, kisha nikakaa kitandani kwake nikilia.

Ua lile la dhahabu nalijua tangu utotoni, maana nililitazama kila nilipolala mapajani mwake: petali sita na kijiwe chekundu katikati. Lakini siku ile ndiyo niliyouona upande wake wa nyuma kwa mara ya kwanza. Ulikuwa waya mnene, mfupi, ulionyooka, wenye kinundu mwishoni. Nilikuwa nimeshavaa vipini miaka minane, na kila taabu iliyonipata katika miaka hiyo ilitoka huko nyuma, kwenye mguu wa kipini, mahali ambapo mnunuzi hapatazami.

Nilitoga mwaka 2009, nina miaka 19, katika saluni moja ya kisiwani Mombasa. Walikuwa na ile bunduki ndogo ya kutogea masikio, nami nikaona ni bora kuliko sindano na uzi aliotogewa nyanya alipokuwa kigori huko Mji wa Kale. Sikujua kwamba bunduki haitoboi kwa ncha kali. Inaubamiza mguu wa kipini, ambao ni butu, mpaka upenye kwa nguvu. Nyama ya chini ya sikio ni laini, inavumilia. Bawa la pua lina gegedu, na gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na ngozi nyembamba inayolifunika. Likipasuliwa hupona polepole, na vidudu vikishaingia ni kazi kuvitoa. Tena bunduki nyingi zina mwili wa plastiki, kwa hiyo haziwezi kuingizwa katika mtambo wa mvuke wa nyuzi 121 ambao hospitali husafishia vyuma vyake. Hufutwa kwa spiriti tu, kisha huja pua ya mtu mwingine.

Kipini nilichotiwa kilikuwa cha sikio. Mguu wake ulikuwa mfupi, na nyuma kilifungwa kwa kibano cha kipepeo. Pua ilipovimba haikuwa na nafasi ya kuvimbia, kibano kikawa kinazama nyamani. Wiki ya tatu rangi ya dhahabu ilianza kubanduka, chini yake chuma cha kijivu. Ngozi ikawa nyekundu, inawasha, inatoka maji, na pembeni mwa tundu pakaota kinundu kama punje ya mtama.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Khalati, dada yake mama, alisema ni jicho, nikasomewe. Jirani alileta manjano yaliyosagwa na mafuta ya nazi. Shoga yangu akasema spiriti, asubuhi na jioni. Nilifuata yote. Spiriti ilikausha ngozi mpaka ikapasuka, na mafuta yakanasa vumbi na jasho. Nyanya peke yake hakuleta dawa. Alinivuta karibu na dirisha akanitazama, akaniuliza, "Hiki ni kipini cha nini?" Nikamwambia cha dhahabu, ndivyo nilivyouziwa. Akatikisa kichwa. "Si dhahabu hiki, mjukuu wangu. Dhahabu haiwashi."

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: je, kifungo cha jinzi huniwasha tumboni? Na saa ya mkononi, huniachia wekundu? Vyote viwili. Akasema nina mzio wa nikeli, madini yanayochanganywa katika vyuma vingi vya bei nafuu vinavyochovywa dhahabu kwa juu. Mwili ukishaizoea chuki hiyo hauiachi, utaishi nayo. Akanitoa kile kipini, na kwa kuwa tundu lilikuwa bado bichi, lilijifunga haraka sana. Kinundu nacho kikanywea chenyewe baada ya wiki chache, bila manjano na bila spiriti. Hakikuwa kovu linalokua, kilikuwa ngozi iliyochokozwa.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya neno moja, kwa sababu nimeona wasichana wengi wakiponzwa nalo. Nilipokwenda kutafuta kipini kingine huko mjini, muuzaji alinipa kimoja kinachong'aa na kuniambia, "Chukua hiki, dada, ni chuma cha pua." Nikaamini kimetengenezewa pua. Kiswahili chetu kina pua mbili: hii ya usoni, na pua ambayo ni chuma kigumu cha visu na misumeno. Chuma cha pua kisichoshika kutu, hata kile bora kinachoitwa 316L ambacho hupigiwa debe kuwa ni cha upasuaji, kina nikeli asilimia 10 hadi 14. Nikeli hiyo imeshikwa vizuri ndani ya chuma, na watu wengi hukivaa miaka bila kudhurika. Lakini kwa jeraha jipya, tena la mtu mwenye mzio kama mimi, sikishauri. Nilikirudisha.

Mara ya pili nilisubiri zaidi ya mwaka. Nilitogwa huko Nyali na dada mmoja anayetumia sindano yenye tundu katikati, anaifungua mbele yako kutoka kwenye karatasi yake na kuitupa akimaliza. Alinichora nukta kwa kalamu kwanza, akanipa kioo, akanitaka nisimame, nicheke, nigeuke, ndipo nikubali. Nukta ikisogea milimita mbili tu juu, uso wote unabadilika. Kipini alichonitia kilikuwa cha titani, ile inayotumika kuungia mifupa hospitalini. Unene wa mguu ulikuwa milimita 1, urefu milimita 8, na nyuma kulikuwa na kisahani bapa badala ya kibano. Nililalamika kwamba kinachomoza mno. Akaniambia, "Hiyo nafasi si ya urembo, dada, ni ya uvimbe. Rudi baada ya wiki sita nikutilie kifupi." Nilirudi, akanitilia cha milimita 6.5. Sijui wangapi husahau kurudi. Mguu mrefu ukibaki hapo huchezacheza, hunasa kwenye taulo, na kinundu kinaota upya.

Aliniambia pia kwamba tundu la pua huchukua miezi minne hadi sita kupona. Nje hukauka upesi, ndani bado ni bichi, na hapo ndipo watu hukosea: wanaona hakuna maumivu, wanabadilisha.

Miezi ile sita ndiyo iliyonifunza kuvaa kipini katika mji huu wetu hasa. Joto la kaskazi, jasho linashuka puani mchana kutwa. Usafi wenyewe ulikuwa rahisi: maji ya chumvi ya hospitali, salaini ya asilimia 0.9, mara mbili kwa siku, kisha kukausha kwa karatasi safi. Hakuna kuzungusha kipini. Wazee walituambia tukizungushe kisigande, lakini kila unapokizungusha unapasua ngozi changa iliyoanza kujishona ndani. Na wale wanaosema bahari ina chumvi kwa hiyo inaponya, waende Bamburi Jumapili watazame ni watu wangapi wamo majini. Bahari ina chumvi na vingine vyote. Mimi sikuogelea mpaka miezi sita ikaisha.

Udhu ulinitia wasiwasi zaidi. Mara tano kwa siku unapandisha maji puani, na maji yenyewe nyumbani kwetu, bomba likikatika, ni ya mkokoteni, yametekwa kisimani, unaonja chumvi yake. Vidudu vinavyopenda majimaji ndivyo vinavyoshambulia gegedu. Nilimwuliza ustadha wetu wa madrasa. Akanikumbusha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi kupandisha maji puani ni sunna, si nguzo ya udhu, na mwenye jeraha asijidhuru. Kwa wiki za mwanzo niliweka chupa ya maji yaliyochemshwa na kupoa, nikawa natumia hayo puani, taratibu. Moyo wangu ukatulia.

Kisha nikabu. Nikabu yangu ya shifoni ilinasa kipini mara mbili katika wiki moja, mara ya pili nikiwa kwenye feri ya Likoni, watu wamesongamana, mtu akapita na kitambaa kikavutwa. Sitausahau ule uchungu. Tangu siku hiyo huvaa nikabu ya kitambaa laini kisicho na nyuzi nyuzi, na sinunui kipini chenye vikucha virefu vinavyoshika kijiwe. Natafuta kijiwe kilichozamishwa katika dhahabu, kingo zake zimelala. Pitisha kidole juu yake. Kikikukwaruza, kitanasa nguo.

Tundu lilipopona nilijiona huru, nikaanza kununua. Nilivaa vya kila namna. Kuna chenye mguu ulionyooka na kinundu mwishoni: kukiingiza ni rahisi, kukitoa ni kupasua tundu, kwa sababu kinundu ni kinene kuliko mguu. Sikipendi hata kidogo. Kuna chenye mguu uliopindwa kama herufi L, ambacho hushuka chenyewe ukipenga mafua. Kimoja kilinidondokea kwenye sahani ya biriani arusini, tukatafuta sinia zima, hatukukiona. Kuna cha kujizungusha kama ndoana, ambacho ukikosea kukitia utadhani hakikuumbiwa pua yako. Na kuna cha kisahani, ambacho mpaka leo ndicho ninachokiamini zaidi kwa pua mpya. Pete nazo nilijaribu, ya milimita 8 kwa ndani, inakaa vizuri, lakini chini ya nikabu ni mateso.

Kwa miaka mitano ya mwisho kabla nyanya hajafariki nilivaa kipini kimoja tu cha dhahabu cha Kihindi, kepesi kama mbegu, waya wake mwembamba wa milimita 0.6. Kilikuwa kizuri mno. Sikujua kwamba tundu huufuata waya. Ukivaa mwembamba, linanyata taratibu mpaka limbane huo mwembamba. Ndiyo maana siku ile chumbani kwa nyanya damu ilinitoka.

Nilimpelekea sonara, mzee mmoja wa Mji wa Kale ambaye kibanda chake kina meza, taa na kiti kimoja cha mgeni. Nikamweleza nataka tundu lipanuliwe. Hakunijibu. Alikichukua kipini kwa kikoleo, akakigeuza, akautazama mguu muda mrefu kuliko alivyolitazama ua. Akaupima: milimita 1.2. Akanionyesha kwa kioo cha kukuzia jinsi ulivyolika katikati, mahali ambapo nyama ya nyanya iliugusa kwa miaka yote ile, umekuwa na kiuno.

"Pua yako tuiache, binti," alisema. "Tutageuza mguu."

Alikikwaruza kidogo kwenye jiwe lake jeusi la kujaribia, akadondosha asidi, akasubiri. Mstari ulibaki. Karati 22, alisema, yaani sehemu 916 za dhahabu katika 1000, ndiyo ile namba inayopigwa muhuri siku hizi. Dhahabu safi namna hiyo ina rangi ya asali, lakini ni laini. Ua halipati shida, kwa kuwa halifanyi kazi yoyote. Mguu ndio unaopindwa kila ukivua na kuvaa, kwa hiyo alitaka kuutengeneza kwa karati 18, dhahabu 750 katika 1000, iliyobaki fedha na shaba. Nikamwambia habari ya mzio wangu na maneno ya nyanya, kwamba dhahabu haiwashi. Alitabasamu. "Alisema kweli kwa dhahabu yake. Dhahabu nyeupe uiulize kwanza. Mafundi wengi huifanya nyeupe kwa nikeli." Sikuwahi kulijua hilo, na nilikuwa karibu kumnunulia mdogo wangu kipini cha dhahabu nyeupe kwa arusi yake.

Kisha akaniuliza navaa upande gani. Kushoto, nikamwambia; nyanya alivaa kulia. Akasema ni vizuri nimetaja, maana mguu wa kuzungusha una upande wake. Mkunjo wa pua ya kulia ukiutia kushoto, ncha yake haitalala ubavuni mwa pua, itachungulia nje ya tundu kila ukiinua kichwa. Nikakumbuka kipini kimoja nilichokitupa miaka ya nyuma kwa sababu kilikuwa kikichungulia hivyohivyo, nami niliilaumu pua yangu.

Kijiwe chekundu alikitoa kabla ya kuunga mguu, kwa kuwa moto ungekipasua. Alipokitoa aliniambia kwa upole kwamba ni kioo, si yakuti, na kama nataka anaweza kunitilia yakuti ndogo. Sikutaka. Nyanya alikuwa amelitazama jicho lile jekundu kwenye kioo chake kila asubuhi, naye hakuwahi kusema ni yakuti. Kikarudishwa kilekile. Mguu wa zamani nikauomba. Akanifungia kwenye kijikaratasi, nao ninao mpaka leo katika kisanduku cha udi.

Waya mpya ulikuwa wa milimita 0.8. Hata huo haukupita siku ileile. Sonara alinipa kwanza kijiwaya kitupu cha dhahabu cha milimita 0.7, nikakaa nacho kama mwezi, nikawa naoga maji ya moto na kukisogeza kwa mafuta kidogo, bila kulazimisha. Tundu lililopona linakubali kidogo kidogo. Mwezi wa pili kipini cha nyanya kiliingia, sikusikia kitu. Mama aliponiona mlangoni alishika mdomo.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu alinijia. Anaolewa Desemba, anataka atoge pua aonekane na kipini siku ya kupamba. "Khalati, nitoge mwezi wa kumi na moja, si itakuwa imepoa?" Nikamwambia hapana. Siku za singo ataparazwa mwili mzima na uso, waridi, asumini na sandali zilizosagwa, na liwa juu yake. Chembe zile zikiingia katika tundu la wiki tatu, ataolewa na pua iliyovimba kama nazi. Atoge kabla ya Juni, au asubiri baada ya fungate, na arusi avae cha kubana, kisichohitaji tundu. Hakupenda. Lakini alitoga Mei, kwa sindano, kwa titani, na nikamtajia dalili za kukimbilia hospitali na si kwa sonara wala kwangu: wekundu unaotambaa, joto, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, homa. Na ikitokea asikivute kipini mwenyewe, maana tundu likifunga juu ya usaha, usaha unabaki ndani.

Mwezi uliopita tulikwenda naye kwa yule mzee kuagiza kipini cha arusi. Alitandika kitambaa cheusi mezani na kutupangia vipini kumi na viwili, vyote vimelala chali, maua juu. Mwenzangu aliinama akaviangalia. Kisha akachukua kimoja kwa kucha mbili, akakigeuza, na kabla hajaniuliza bei akamwuliza fundi, "Mguu huu ni milimita ngapi?"